RWANDA, NCHI YA VILIMA ELFU: SISI WA SILIBWET TUJIFUNZE NINI?

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, na leo kalamu yangu inataka kuwatembeza nje kidogo ya mipaka ya Kenya. Msiwe na wasiwasi, safari hii haina nauli.

Muhula uliopita, katika mdahalo wa chama, hoja ilikuwa kwamba nchi ndogo yenye milima mingi na isiyo na bahari haiwezi kuendelea. Waliounga mkono walishinda kwa kura nyingi. Sababu waliyoitoa mara nyingi ilikuwa hii: "Mlimani utalima nini?" Swali hilo lilinishangaza. Waliouliza ni watu waliopanda na kushuka vilima asubuhi hiyo hiyo kuja shuleni, na wengi wao karo yao inatoka kwa chai iliyopandwa mlimani! Basi nikaamua kutafuta habari za nchi ya aina hiyo, jirani yetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Nchi yenyewe ni Rwanda. Nimesoma vitabu vya jiografia na historia, na pia nimemhoji mjomba wangu ambaye ni dereva wa trela kutoka Mombasa hadi Kigali.

MAHALI ILIPO

Rwanda iko kusini kidogo mwa ikweta. Kaskazini imepakana na Uganda, mashariki Tanzania, kusini Burundi, na magharibi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ukubwa wake ni kilomita mraba 26,338 tu. Kenya yetu ina kama 580,000. Yaani ukiikata Kenya vipande vipande, utapata Rwanda 22.

Lakini udogo huo usikudanganye. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13.2 nchini humo, wastani wa watu 503 katika kila kilomita moja mraba. Sensa yetu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba Kenya nzima ina wastani wa watu 82. Kumbe wenzetu wamesongamana mara sita kuliko sisi, na tena wamesongamana juu ya miteremko.

Rwanda haina bahari. Mizigo yake mingi hupitia Dar es Salaam na kuingilia mpaka wa Rusumo, na mingine hutoka Mombasa kupitia Nairobi, Kampala na mpaka wa Gatuna, safari ya kilomita kama 1,700. Mjomba anasema ukifika Gatuna saa nne, upande wa pili unaambiwa ni saa tatu, maana saa za Rwanda ziko nyuma yetu kwa saa moja. Tena unahamia upande wa kulia wa barabara, kwa sababu kule magari hayaendeshwi kushoto kama kwetu. Kila kinachopanda kutoka baharini hulipia safari yote hiyo, kwa hivyo bei hupanda nacho. Na jirani akikasirika, shida huzidi. Mwezi wa Februari 2019 serikali za Rwanda na Uganda zilikosana, Gatuna ikafungwa, na haikufunguliwa hadi Januari 2022. Mwenye bahari hawezi kuijua shida hiyo.

MILIMA, MITO NA MVUA

Watu huiita Rwanda nchi ya vilima elfu. Mahali palipo chini kabisa ni bonde la mto Rusizi, nalo liko mita kama 950 juu ya usawa wa bahari. Mahali pa juu kabisa ni kilele cha mlima Karisimbi, mita 4,507. Karisimbi ni mmoja wa milima mitano ya volkano iliyo kaskazini-magharibi, nayo ni Karisimbi, Bisoke, Sabyinyo, Gahinga na Muhabura. Udongo wa volkano una rutuba sana, kwa hivyo karibu na mji wa Musanze hulimwa viazi na pareto.

Katika milima hiyo wanaishi sokwe wa milimani. Duniani kote wanapatikana Rwanda, Uganda na Kongo pekee, na hesabu iliyotangazwa mwaka 2018 ilionyesha wamepita 1,000. Tangu mwaka 2017 mtalii kutoka ng'ambo hulipa dola 1,500 za Marekani ili akae na sokwe kwa saa moja! Sehemu ya kumi ya mapato ya mbuga hutengewa wananchi wanaoishi kando yake, ili wajengewe madarasa, maji na zahanati. Mwananchi anayepata darasa kwa sababu ya sokwe hawezi kumtegea sokwe mtego.

Upande wa magharibi kuna mgongo mrefu wa milima unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande mmoja wa mgongo, maji huteremka hadi Ziwa Kivu, kisha mto Rusizi, kisha Ziwa Tanganyika, na mwisho mto Kongo huyapeleka bahari ya Atlantiki. Ikinyesha upande wa pili, maji huingia mto Nyabarongo, kisha Akagera, kisha Ziwa Victoria, na kuwa mto Nile.

Hapo ndipo nilipokumbuka mto wetu wa Nyangores. Unatoka msitu wa Mau, unapita huku kwetu, unaungana na Amala kuwa mto Mara, na Mara nao huingia Ziwa Victoria upande wa Tanzania. Kwa hivyo maji ya Silibwet na maji ya vilima vya Rwanda hukutana ziwa lile lile. Wakati wa masika, mito yote miwili ina rangi moja, nyekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Rangi hiyo ni shamba la mtu linalosafiri bila ruhusa.

LUGHA NA UTAMADUNI

Karibu Wanyarwanda wote huzungumza lugha moja, Kinyarwanda. Nchi chache sana za Afrika zina bahati hiyo. Lugha nyingine rasmi ni Kifaransa, Kiingereza na, tangu mwaka 2017, Kiswahili. Wanachama, tupige makofi! Kinyarwanda na Kiswahili ni ndugu wa ukoo wa Kibantu. Mtu wao humwita umuntu, watu ni abantu, na mvua ni imvura. Lakini jihadhari hotelini. Kwao amazi ni maji, na maziwa ni amata. Ukiagiza amazi ukitarajia maziwa, utakunywa maji matupu na kunyamaza.

Kuhusu maziwa, wenzetu hawa wangekaa vizuri na Wakipsigis. Ng'ombe kwao ni heshima. Wana ng'ombe wa kienyeji waitwao inyambo, wenye pembe ndefu za ajabu. Mahari hutolewa kwa ng'ombe. Hata salamu yao moja ya baraka ni kumwambia mtu "gira inka", maana yake "uwe na ng'ombe". Mwaka 2006 serikali ilichukua salamu hiyo ikaifanya mpango, ukaitwa Girinka. Familia maskini hupewa ng'ombe, na ndama wa kwanza jike hupelekwa kwa jirani ambaye hana. Sisi tuna mursik wetu ndani ya sotet, uliotiwa majivu ya mkaa wa senetwet. Wao wana maziwa ya mgando yaitwayo ikivuguto. Mjomba anasema Kigali kuna vibanda vinavyouza maziwa peke yake, na watu wazima hukaa humo jioni wakinywa na kuzungumza. Hakuna mlevi anayetoka humo!

Aidha wana ngoma ya intore, ambapo vijana huruka na kutikisa nywele bandia ndefu kama manyoya ya simba. Wana vikapu vya agaseke vyenye kifuniko kilichochongoka, na sanaa ya imigongo ambayo huchorwa kwa samadi ya ng'ombe iliyopakwa rangi. Hakuna kinachotupwa.

KOVU LA MWAKA 1994

Siwezi kuisifu Rwanda nikaruka jambo hili. Wajerumani ndio walioitawala kwanza, na tangu mwaka 1916 Wabelgiji. Katika miaka ya 1930 Wabelgiji waliwapa watu vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Watu hao walikuwa na lugha moja, waliishi vilima vile vile na waliabudu pamoja. Kadi ikawa ukuta. Uhuru ulipatikana tarehe 1 Julai 1962, lakini ukuta ulibaki.

Tarehe 7 Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza. Kwa muda wa siku kama 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, na serikali ya Rwanda husema walizidi milioni moja. Wahutu waliokataa kuua nao waliuawa. Waliopitisha mapanga hawakuwa wageni. Walikuwa majirani, wengine walimu, wengine wanafunzi wa rika letu.

Kesi zilikuwa nyingi mno kwa mahakama za kawaida, kwa hivyo ziliundwa mahakama za vijijini zilizoitwa gacaca, ambapo watu walikaa nyasini na kusema mbele ya wote nani alifanya nini. Zilifungwa mwaka 2012. Wengine wanasema zilileta ukweli, wengine wanasema haki haikutosha. Mimi nilipokuwa nasoma nilifikiria wazee wetu wa kokwet, na pia nilifikiria mwanzo wa mwaka 2008 hapa Bonde la Ufa, ambao wazazi wetu wanaukumbuka. Mwenye kovu usidhani kapoa. Ndugu wanafunzi, mtu akianza kukuuliza rafiki yako ni kabila gani kabla ya kukuuliza jina lake, mkatize hapo hapo.

UCHUMI NA CHAI

Wanyarwanda wengi ni wakulima wa mashamba madogo. Hupanda maharagwe, ndizi, viazi, mihogo na mtama. Kahawa ililetwa na wamishonari wa Kijerumani mwaka 1904. Kuna pia madini ya bati, koltani na wolframu. Katika Ziwa Kivu kuna gesi ya methani iliyoyeyuka ndani ya maji, na mwaka 2016 kilizinduliwa kituo kinachoitoa gesi hiyo na kuzalisha umeme. Hebu fikiria, taa kuwaka kwa pumzi ya ziwa!

Lakini mimi mtoto wa majani chai nilitaka kujua habari za chai. Chai ilianza kupandwa Rwanda mwaka 1952. Kwetu Kenya ilipandwa mara ya kwanza Limuru mwaka 1903, na mashamba makubwa ya Kericho yakaanza miaka ya 1920. Wao hupanda mahali pa aina mbili. Kwanza ni miteremkoni, kati ya mita 1,900 na 2,500. Pili ni kwenye mabonde yaliyokuwa matope, ambayo walichimba mitaro wakayakausha.

Chai yao ni kidogo sana, haifiki hata sehemu ya kumi ya chai ya Kenya. Lakini nyingi ya chai hiyo na ya kwetu huuzwa mahali pamoja, yaani mnada wa Mombasa. Na kwa miaka mingi ya karibuni, wastani wa bei ya chai ya Rwanda katika mnada huo umekuwa juu kuliko wa Kenya. Sisi wakubwa tunapitwa na wadogo!

Kwa nini? Sababu moja ni hali ya hewa. Juu mlimani kuna baridi, majani hukua polepole na ladha hukolea. Ndiyo maana nasema mlima si laana. Sababu nyingine ni uchumaji. Chai nzuri ni majani mawili na chipukizi. Ukichanganya jani gumu na kijiti, kiwanda hakiwezi kufanya muujiza. Sababu ya tatu ni kwamba Kenya huuza chai nyingi ya kila aina, nzuri na hafifu, kwa hivyo wastani hushuka.

Jambo hili linatugusa mfukoni. Wakulima wadogo wa mashariki ya Bonde la Ufa, kama Kirinyaga na Murang'a, kwa kawaida hulipwa bonasi kubwa kwa kilo kuliko sisi wa magharibi. Sababu zake zinabishaniwa, lakini inayotajwa sana ni ubora wa majani. Kila Oktoba bonasi ikija kidogo, kuna madawati yanayobaki wazi. Mimi mwenyewe karo yangu ya muhula wa tatu hungojea bonasi. Kwa hivyo sisemi mambo ya mbali.

UDONGO NA KUGAWANA SHAMBA

Sasa nifike kwenye kiini. Adui wa nchi ya milima ni udongo kuondoka. Mfano mkubwa ni msitu wa Gishwati, kaskazini-magharibi mwa Rwanda. Miaka ya 1980 na 1990 ulikatwa kwa ajili ya malisho, mashamba na makazi. Kufikia mapema miaka ya 2000 zilibaki hekta kama 600 tu. Mafuriko na maporomoko yakafuata. Baadaye walianza kuurudisha, na sasa pamoja na msitu wa Mukura ni mbuga ya taifa. Hata hivyo mlima hausahau haraka. Mwanzo wa Mei 2023 mvua kubwa ilileta maporomoko magharibi na kaskazini mwa nchi, na watu zaidi ya 130 walifariki. Sisi tunaokunywa maji ya Mau tusidhani hayo ni ya Rwanda tu.

Wamefanya nini? Wamekata matuta ya ngazi katika miteremko, moja juu ya jingine, na kupanda nyasi na miti ukingoni ili maji yatembee badala ya kukimbia. Kazi nyingi za namna hiyo hufanywa siku ya umuganda. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi, watu wa miaka 18 hadi 65 hutoka kufanya kazi ya jumuiya, kama kupanda miti, kuzibua mitaro na kutengeneza barabara. Ni kama harambee, lakini ya jembe badala ya pesa. Hata mifuko ya plastiki waliipiga marufuku mwaka 2008, miaka tisa kabla yetu.

Suala la pili ni urithi. Babu yangu alikuwa na ekari nane. Wana wake wanne wakapata ekari mbili mbili. Baba ana ekari mbili, na sisi watoto tuko watano. Piga hesabu, kila mmoja atapata sehemu nne za kumi za ekari. Hapo utapanda chai, au nepia ya ng'ombe, au utajenga nyumba? Tena nimehesabu watano kwa sababu Katiba ya mwaka 2010 inatuhesabu sisi wasichana. Nyumbani kwingi hesabu bado huanza na wavulana na kuishia hapo.

Rwanda sheria ya mwaka 1999 iliwapa mabinti haki ya kurithi sawa na wana. Kisha vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10 viliandikishwa, na cheti huwa na jina la mume na la mke. Mwaka 2013 sheria ilikataza hata kugawanya shamba la hekta moja au chini yake. Lakini watu wengi hawakuwa na hata hekta moja, kwa hivyo waliendelea kugawana kimyakimya. Sheria peke yake haiongezi ardhi.

Nami nisiwe kama mwamba ngoma anayevutia ngozi kwake. Rwanda ina mabaya yake. Serikali iliwaelekeza wakulima zao la kupanda katika mpango ulioanza mwaka 2007, na wengine walilalamika kwamba mchanganyiko wao wa maharagwe na mtama uliowalisha ulipotea. Wapinzani wa serikali wanasema hawana nafasi ya kusema. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema jeshi la Rwanda linawasaidia waasi wa M23 walioteka Goma huko Kongo Januari 2025, ingawa Rwanda hukana. Nidhamu ni nzuri, lakini mkulima naye ana akili na ana mdomo.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila mmoja wetu aangalie shamba la kwao. Kama mistari inateremka na mlima, igeuzwe ikate mlima, na nepia ipandwe ukingoni. Nepia itashika udongo na ng'ombe atakula. Kando ya mto tupande miti ya kienyeji, si mikalatusi inayokunywa mto. Udongo uwahi ungali maji.

Pili, tunapowasaidia wazazi kuchuma, tuchume majani mawili na chipukizi, hata kama kikapu kitachelewa kujaa.

Tatu, na hili ni gumu, tuzungumze na wazazi kuhusu shamba mapema, wavulana na wasichana tukiwa tumekaa pamoja. Labda si lazima ligawanywe. Labda watano wanaweza kumiliki chai moja na kugawana bonasi, kuliko kuwa na bustani tano zisizolisha sungura. Mimi nimeshamuuliza baba. Hakunijibu siku hiyo, lakini hakunifukuza pia.

Na kwa mlezi wa chama chetu nina ombi moja. Mteremko ulio nyuma ya choo cha wavulana umeanza kuchimbika, na mvua ya Aprili haiko mbali. Majembe yako stoo. Tuchague Jumamosi moja, na miche ya nepia nitaleta mimi.